Mungu Asiye Mtu, Mtoto Asiye na Jina

Mwaka ule ziwa lilipotea. Sisemi lilikauka. Lilikuwepo, lakini gugu maji lilikuwa limelifunika kutoka ufuoni kwetu mpaka macho yanapochoka, kijani kibichi na maua ya zambarau, na asubuhi ukifungua mlango ulidhani kuna mtu amehamisha malisho akayatandaza pale penye maji. Ndege walitembea juu yake. Mitumbwi ilikwama. Kisiwa cha Rusinga kilionekana kama kilima cha kawaida ambacho ungekifikia kwa miguu, na mimi nilikiota hivyo mara nyingi: natembea juu ya ule ukijani, sizami, na chini ya nyayo zangu nasikia maji yakipumua.

Boma letu lilikuwa kandokando ya ziwa, kabla hujafika Mbita. Mimi nilikuwa nasoma bweni upande wa Asumbi, kwa hiyo nyumbani palikuwa mahali pa likizo, na labda ndiyo maana nikipakumbuka napakumbuka kama mtu aliyesinzia kwenye jua. Sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, walipanda kutoka majini wakiwa wingu jeusi, wakaingia kwenye chai, wakaingia kwenye nywele. Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikaa chini akichambua omena, dagaa wa ziwani. Na kila Jumapili baada ya misa, baba na baba mkubwa waliketi chini ya ukingo wa paa la mabati wakigombana kuhusu Mungu.

Wacha niwaeleze hawa wawili, maana bila wao hakuna hadithi. Baba mkubwa alikuwa katekista wa kigango chetu. Alikuwa na sauti ya kuamsha maiti, na shati jeupe moja ambalo hakuna aliyewahi kuliona likiwa na doa. Baba alikuwa mwalimu wa somo la dini katika shule ya kutwa, na hapo ndipo kichekesho kilipo, kwa sababu Mungu aliyemfundisha darasani si yule aliyemwamini. Ujanani alikuwa ameingia seminari, akasoma vitabu vingi kuliko ilivyompasa, akatoka. Watu walisema alitoka kwa sababu ya mama yangu. Mama alisema, "Uongo. Alitoka kwa sababu ya mdomo wake."

Mama alikuwa Mkuria, kwao Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Kijaluo alikielewa lakini kilimchosha, na baba Kikuria kilimshinda kabisa, basi nyumba yetu ilizungumza Kiswahili. Kwa hiyo hata mabishano ya ndugu hawa wawili yalianza kwa Kijaluo yakaishia kwa Kiswahili, kwa sababu kila mmoja alitaka mama asikie alivyomshinda mwenzake.

"Sisemi hakuna Mungu," baba alikuwa akisema. "Nasema Mungu si mtu. Si mzee mahali fulani anayeamua nani apate mvua. Ukimfanya awe mmoja kati ya vitu vilivyopo, kama kilima, kama ng'ombe, hata awe mkubwa namna gani, umemfanya kitu. Yeye ndiye huko kuwepo kwenyewe. Ona hilo ziwa. Gugu halilibebi ziwa. Ziwa ndilo linabeba gugu, hata kama hulioni."

"Omera, ndugu yangu, gugu limeletwa na Mungu kwa sababu ya watu kama wewe," baba mkubwa alijibu, na dani alicheka mpaka omena zikamwagika.

"Ukisali unaongea na nani, mwalimu?"

"Siongei na mtu. Nanyamaza."

"Haya! Na Mungu asiye na sikio, kwaya inamwimbia nini? Si tukaimbie kigoda hiki?"

"Wimbo unambadilisha anayeimba."

"Basi nitabadilika. Lakini nikiwa na njaa siombi ugali kwa kuwepo kwenyewe. Namwomba mama yetu."

Mama akipita na sufuria alikuwa akiwaambia, "Nyinyi wawili mnagombania kofia ya mtu ambaye hamjawahi kukutana naye." Nao walicheka, wakanawa mikono, samaki wa ngege akaletwa na ugali, na Mungu akawekwa kando mpaka Jumapili nyingine. Niliyapenda mabishano hayo jamani. Nilikuwa naegemea ukuta wenye joto, macho nusu yamefungwa, maneno yao yakija na kurudi, na ilionekana dunia haiwezi kuharibika maadamu kuna watu wawili wazima wanaoibishania hivyo.

Mtoto alizaliwa likizo ya Agosti. Mvulana. Mama alikuwa amekaa miaka mingi bila kupata mwingine baada yangu, na watu walishaacha kumuuliza, kwa hiyo ujio wake ulikuwa furaha ya aina ya kuogopwa, ile ya kusemwa kwa sauti ya chini.

Sasa kwetu, kwa upande wa baba, jina la ukoo halichaguliwi tu. Mtoto huitiwa. Akilia, nyanya yake humshika na kuanza kuwataja marehemu wa familia mmoja mmoja: ni wewe fulani? Ni wewe fulani? Basi nyamaza. Mtoto huendelea kulia majina yakipita, na jina atakalonyamazia ndilo lake, kwa maana huyo ndiye aliyerudi. Mimi niliambiwa nilichosha watu, nililia ukoo mzima ukapita, nikanyamazia jina la shangazi mmoja mgomvi. Hakuna aliyeshangaa.

Lakini huyu hakulia. Alikuwa mdogo, laini, na pumzi zake zilikuwa fupi. Alifungua mdomo kana kwamba anataka kusema jambo, halafu akaghairi. Dani alimpakata, akamngoja, akasema, "Huyu ni mpole. Akishiba atalia." Ziliisha siku kadhaa. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshasema anyonyeshwe mara kwa mara na apewe joto, na mama alifanya hivyo, hakulala. Tulimwita "mtoto" tu. Mtoto amelala. Mtoto ameamka.

Alasiri moja mama akaniita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani. Akasema, "Mwambie shemeji aje ambatize. Sasa hivi."

Nikaenda. Baba mkubwa akaja na beseni dogo la bluu lenye maji, mikono ya shati imekunjwa. Alisimama mlangoni kwa heshima, kwa sababu hakuingia chumba cha shemeji yake hivihivi. Akauliza, "Jina?"

Dani akajibu, "Bado hajalia."

"Nipeni basi jina la ubatizo, lolote."

"Huwezi kuanza na la kanisa kabla la nyumbani halijaja," dani alisema. "Ngoja kidogo. Atalia."

Na baba, aliyekuwa uani, ambaye kama angekaa kimya siku ile moja tu, baba akasema, "Kwani Mungu wenu ni karani? Mtoto atarudishwa dirishani kwa kukosa jina?"

Baba mkubwa akageuka. Angeweza asigeuke. Akaliweka beseni juu ya kigoda, pale pale mlangoni, akatoka uani kumjibu.

Nami nilikuwa nimesimama kati ya mlango na ua, na nakumbuka kila kitu kana kwamba kimo ndani ya kioo. Nakumbuka mwanga ule wa manjano wa alasiri, na gugu likinuka. Baba mkubwa alisema Mungu anayetuumba lazima atujue kwa majina, la sivyo sisi ni mchanga tu. Baba alisema anayehitaji kutujua ni yule aliye nje yetu, na Mungu hayuko nje ya kitu chochote. Yalikuwa mabishano mazuri. Niseme ukweli, yalikuwa mazuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na walikuwa wamepandwa na joto, macho yanawaka, kama vijana. Sami mmoja alikuwa ameanguka ndani ya beseni na anazunguka.

Kisha mama akasema kutoka ndani, bila kupaza sauti, "Mnaweza kunyamaza sasa. Amekwisha."

Alizikwa kesho yake asubuhi, nyuma ya nyumba ya mama, bila umati. Mtoto mchanga kwetu hazikwi kwa kelele. Baba mkubwa alisali sala fupi, na sauti yake, ile ya kuamsha maiti, haikuvuka migomba. Jirani mmoja akamshika mama mkono akamwambia kama wanavyosema wote, "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Mama alimtazama yule mwanamke kwa muda, akautoa mkono wake polepole, akaingia ndani. Hakulia. Watu walimsifu kwa hilo, ati ana imani. Imani gani! Mtu akiwa amefungwa koo hivyo, wewe unamsifu?

Baadaye, jioni moja tukiwa tunakula, akaweka tonge lake chini.

"Nawauliza nyinyi wasomi wa Mungu," akasema. "Mtoto wangu yuko wapi?"

Baba mkubwa alifuta mikono. "Shemeji, yuko katika huruma ya Mungu. Kanisa linatumaini."

"Linatumaini? Halijui?"

"Linatumaini," alirudia, na nikamwona anaona haya.

Mama akamgeukia baba. Baba alizungumza kwa upole, upole wa kweli, ndiyo maana iliuma. "Mama watoto, hakuna aliyemchukua na hakuna aliyemkataa. Alitoka katika uhai ule ule unaotubeba sisi sote, na amerudi humo. Wimbi likirudi ziwani halijapotea."

"Wimbi lina mama?" mama akauliza.

 Akaendelea. "Mlikuwa hapo nje mnajadili kama Mungu yuko. Mtoto wangu alikuwa yuko. Alikuwa yuko, nimemshika! Mmoja wenu angeingia akamwangalia tu."

Asubuhi alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwao Migori.

Nyumba isiyo na mwenyewe hujulikana kwa harufu. Yetu ilianza kunuka moshi na maziwa yaliyolala. Dani alipika lakini chumvi ilimpotea. Jumapili ndugu wale waliketi mahali pao, na kati yao kile kigoda, na hawakusema kitu, walitazama gugu. Nilikuwa nimezoea kusikia Mungu akirushwa huku na huku juu ya vichwa vyetu, na kimya kile kiliniogopesha kuliko msiba wenyewe. Usiku nilimwota mtoto akitembea juu ya ukijani kuelekea Rusinga, amekua kidogo, mgongo tu naouona. Nataka kumwita arudi, na sina cha kumwita.

Nikamwambia baba ndoto hiyo. Nilimwambia kwa hasira, nikaongeza, "Mama asiporudi, mimi pia nitaenda huko, utabaki na kuwepo kwako." Ilikuwa adabu mbaya. Hakunikaripia. Alivaa viatu, akasema, "Twende."

Kwao mama, huko Migori, kulikuwa juu, penye baridi, na majira yale walikausha tumbaku kwa moto. Moshi mtamu mzito ulikuwa umekaa juu ya mabonde, ukaingia kwenye nguo na kwenye usingizi. Baba kama mkwe hakuweza kusogea jikoni kwa mama mkwe wake, kwa hiyo aliketi mbali, karibu na banda la kukaushia tumbaku, kofia magotini, akangoja. Alingoja sana. Wajomba walipita wakamsalimia kwa heshima iliyopoa. Hatimaye mama akaja akakaa upande wa pili wa gogo, nami katikati, kama kawaida.

"Nimekuja," baba akasema.

"Naona. Sijapofuka."

 Kisha mama akasema, "Lile swali langu bado lipo."

Baba alifungua mdomo. Nilijua uso ule. Ni uso wa mwalimu anayetafuta chaki. Nikajisemea, eh, tumekwisha, sasa ataleta tena ziwa. Akaufunga mdomo. Akasema, "Sijui."

"Umesemaje?"

"Sijui, mama watoto. Sijui aliko. Nilikuwa nasema vile kwa sababu nikinyamaza namwona."

Na baba yangu akalia, hapo hapo kwa wakwe zake, mchana, mwanamume mzima. Mama hakumsogelea. Lakini sauti yake ilibadilika.

"Nimefikiri sana hapa kwetu," akasema. "Nimewaza nikichukua Mungu wako, asiye na sikio, nitamlilia nani? Nikichukua wa shemeji, mwenye sikio, nitamuuliza mbona alisikia kelele zenu akakosa kusikia pumzi ya mtoto. Wote wawili wamenishinda. Mimi sitaki Mungu wa yeyote kwa sasa. Nataka mtoto wangu apewe jina. Mama yako amwite, kama anavyowaita wengine. Mkifanya hivyo nitarudi. Msipofanya, asiye na mwana aeleke jiwe, nami nitaeleka langu hapa hapa."

"Mama hatakubali," baba alisema. "Atasema mtoto hakulia."

"Basi nitamlilia mimi."

Tukarudi wote watatu. Dani, alipoambiwa, alikataa kama tulivyojua. Majina ni ya walio hai, alisema; huwezi kumwita marehemu aje amkae marehemu, ni kuvuruga njia. Baba mkubwa naye alikuja amevaa shati lake jeupe, akasema kanisa halina ibada ya namna hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani mwao, dani wa mila na katekista wake walikuwa upande mmoja.

Mama hakubishana nao. Alipita katikati yao, akaenda nyuma ya nyumba, akaketi chini, miguu ameinyoosha kama mwanamke anayemwogesha mtoto. Akaanza kulia.

Sijawahi kusikia tena kilio kile, na sitaki. Kilikuwa cha siku zote zile kwa pamoja. Kuku walikimbia. Baba aliziba uso. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile hata sisi tuliuona, ulikuwa hapo ardhini unagaagaa.

Na dani, aliyekuwa amekunja mikono mlangoni, nilimwona mdomo unamcheza. Alikuwa ameitikia vilio kwa miaka mingi mno. Mwili wake haukujua njia nyingine. Akatoka, akaenda akachuchumaa karibu na mama, mkono juu ya ule udongo, akaanza. Ni wewe, babu wa mguu mbaya? Nyamaza basi. Mama aliendelea kulia. Ni wewe, uliyekufa maji ukivuka kutoka Rusinga? Ni wewe, mfua jembe? Ni wewe, uliyekwenda vita vya wazungu usirudi? Majina yalipita, na mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia, na alasiri ikawa kama imesimama, na ilinijia kwamba wote hao wako pale, wamekaa juu ya gugu, wanangoja zamu.

Yakaisha. Dani alinyamaza, na mama bado analia. 

Ndipo dani akataja jina moja zaidi, kwa sauti ndogo, sauti ya msichana. Baba na baba mkubwa waliinua vichwa kwa pamoja. Hawakulijua.

"Nani huyo, mama?" baba mkubwa akauliza.

"Ndugu yenu," dani akasema. "Alikuwa kabla yenu. Yeye pia alikuwa mpole. Nilimpa jina mwenyewe, kimoyomoyo, na jina la hivyo haliitwi. Sijawahi kulitamka mpaka leo."

Wanaume wawili waliojua kila kitu kuhusu Mungu hawakujua kwamba wao walikuwa watatu.

Mama alikuwa amenyamaza. Alikuwa amegeuka, anamtazama mama mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana, na wakashikana mikono juu ya udongo ule, yule wa Kijaluo na yule wa Kikuria, bila lugha yoyote. Jina hilo sitaliandika. Ni la watoto wawili na linawatosha.

Baada ya muda mama akasema, "Shemeji, lete maji."

Baba mkubwa hakuuliza chochote. Alileta lile beseni la bluu. Alipiga magoti na shati lake jeupe kwenye tope la migomba, akalitamka lile jina, akamwaga maji polepole mpaka yakaisha. Sijui kanisa lingesemaje. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, na maji yalipoisha nikamsikia akisema amina, kwa sauti iliyokwaruza.

Jumapili iliyofuata mama alipika ngege. Ndugu wale walikaa mahali pao, kigoda kati yao, na kimya. Sami walikuwa wameanza kupanda. Mama alitoka na sufuria, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaweka chakula juu ya kigoda.

"Haya, endeleeni na Mungu wenu," akasema. "Siku ile mlikuwa mmefika wapi?"

Baba akamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akamtazama baba. Hakuna aliyekumbuka.